Protini ya Fukusi

Kila mwenye lori aliyewahi kushusha maharage kwenye ile shule ya bweni aliujua utaratibu. Unashusha gunia, unalifungua mdomo, unakaa pembeni na kunyamaza. Kisha anatoka mwanamke mfupi mwenye aproni ya buluu, anapandisha mkono wa gauni, anauzamisha mkono wake wa kulia ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko. Anafumba macho. Maharage mazima hukaa baridi kule ndani hata jua liwe kali namna gani, lakini yenye wadudu hutoa joto, maana wadudu nao wanapumua, wanakula na kuzaana humo bila likizo. Akikuta baridi, anaitikia kwa kichwa na gunia linapita. Akikuta joto, anafungua jicho moja, anamtazama mwenye lori na kusema, "Humu mna watu." Hapo hakuna cha mjomba wala shangazi, gunia linarudi lilikotoka.

Wanafunzi walimwita Bi Kiwiko na walidhani hajui. Alijua tangu wiki ya kwanza, na kwa kuwa majina waliyopewa wenzake yalikuwa mabaya zaidi, aliona ametendewa haki. Mkuu wa shule, kwa mfano, walimwita Bwana Kwa Kifupi, kwa sababu kila hotuba yake ilianza na maneno hayo na kumalizika watu wamevimba miguu.

Hakuzaliwa na ufunguo wa ghala shingoni. Alifika shuleni akiwa mjane wa miaka thelathini na mbili, binti yake mmoja mgongoni. Marehemu mume wake alikuwa fundi redio, mwanamume wa maneno matamu na mikono mizito, na alipokufa aliacha redio kumi na saba za watu, zote zimefunguliwa, hata moja haiongei. Bi Kiwiko aliwarudishia wenyewe redio zao ndani ya ndoo, akapokea matusi nyumba hadi nyumba, kisha akaenda kuomba kazi ya kuosha masufuria. Mwaka mmoja baadaye mtunza ghala wa zamani alikutwa amelala fofofo juu ya magunia, na panya wamelala juu yake, kila mmoja ameridhika na mwenzake. Ufunguo ukahamia kwa muosha masufuria.

Alichokikuta humo ndani hakikuwa maharage, kilikuwa matundu yaliyozungukwa na maharage kidogo. Hakuna aliyemfundisha kitu. Alikaa chini, akapasua punje moja moja kwa kisu, akamchunguza fukusi mpaka akamjua kuliko alivyomjua marehemu mume wake. Fukusi ni mdudu wa kijivu, mdogo kuliko punje ya mchele. Jike hutaga mayai kwenye maharage, mtoto hutoboa na kuingia ndani ya punje, analala humo, anakula humo, anajisaidia humohumo, na baada ya kama mwezi hivi anatoka mtu mzima kupitia tundu la mviringo, bila hata asante. Chekeche linamkamata anayetembeatembea nje. Aliye ndani linamwacha na chakula chake. Kwa hiyo Bi Kiwiko akaweka sheria: magunia yakae juu ya chaga za mbao, yasiguse ukuta, maharage yaanikwe juu ya turubai, yachekechwe, yaanikwe tena, na sheria iliyo mama wa sheria zote, maharage mapya yasilale chumba kimoja na ya zamani.

Na kwa kweli ghala lile lilinyooka. Tatizo ni kwamba na yeye alinyooka nalo, shingo juu. "Ghala langu halina mdudu" aliisema kwenye vikao vya wafanyakazi, aliisema harusini, na aliwahi kuisema msibani, alipoombwa amzungumzie marehemu kwa maneno machache. "Alikuwa mtu mwema sana," alisema huku akijifuta macho. "Alikuja kuliona ghala langu. Hakukuta mdudu."

Mpishi mkuu, jitu la miraba minne lenye sauti ya kengele, ndiye pekee aliyethubutu kumchokoza.

"Dada, siku ukifa tutakuzika na chekeche lako."

"Na wewe tutakuzika ndani ya sufuria lako," alijibu Bi Kiwiko. "Jeneza la kukutosha nani atachonga?"

Wakaishi hivyo miaka ishirini na sita, wakipendana kwa matusi.

Mwaka wake wa mwisho kazini binti yake akajifungua mtoto wa kwanza, na Bi Kiwiko akaomba ruhusa ya wiki tatu, shule ikiwa imefungwa, akamlee mzazi. Ufunguo alimwachia mlinzi wa getini, mzee mwaminifu ambaye ghala aliliogopa kama chumba cha maiti na hakulifungua hata dirisha. Bi Kiwiko aliporudi, kabla hata hajavua viatu vya safari, alikwenda kwenye kona yalikobaki magunia matatu ya mwaka uliopita. Akazamisha mkono. Joto. Akajaribu la pili, joto. La tatu lilikuwa na moto wa uji.

Dawa alikuwa anaijua, na yeye ndiye aliyekuwa akiifundisha shule nzima: toa magunia leo, usingoje kesho. Lakini siku hiyohiyo asubuhi Mkuu wa shule alikuwa amemshika mkono pale getini na kumwambia kwamba bodi ya shule itakuja mwisho wa muhula kumuaga rasmi na kumpa cheti cha Mtunza Ghala Bora, chenye fremu na kioo. Na ili kuyafikisha magunia yale kwenye shimo la taka ilikuwa lazima apite nayo mbele ya dirisha la jikoni. Mpishi angeyaona. Mpishi akiona kitu, wilaya nzima imeona.

Akajiambia atayatoa Jumamosi, mpishi akiwa sokoni. Ijumaa likaja lori na magunia arobaini mapya. Akayapima yote kwa mkono, moja baada ya jingine, yote baridi kama maji ya mtungi. Halafu, Mungu amsamehe, akaagiza yapangwe mbele ya yale matatu mpaka karibu na dari, yakaziba kona yote. Mtu mzima na akili zake! Aliyewafukuza wenye malori kwa joto la gunia moja, akawatandikia fukusi kitanda kipya cha magunia arobaini, eti kwa sababu ya fremu na kioo. Ukimuuliza leo anakwambia, "Shetani." Shetani wa watu, hata kwenye maharage anasingiziwa.

Miezi miwili ikapita kimya. Wa tatu ulipoanza, mpishi alikuja ghalani na mwiko mkononi.

"Dada, maharage yako yana nini? Nimeyabandika tangu alfajiri. Nusu yanaelea kama maboya, nusu yamekuwa mawe, na mchuzi unanuka kabati la zamani."

"Kuni zako mbichi."

"Kuni zimekauka kuliko mimi."

"Basi maji. Maji ya siku hizi yana chumvi."

Mpishi alimwangalia kwa muda, akaondoka bila kutania, na hilo lilimuuma Bi Kiwiko kuliko tusi lolote. Alipobaki peke yake akachota kiganja kimoja kutoka gunia la mbele. Kila punje ya tatu ilikuwa na tundu. Alipozisugua zikaacha unga mwepesi wa kijivu, na kwenye huo unga fukusi wenyewe walikuwa wanatembea, hawana haraka, kama wapangaji waliokwisha lipa kodi.

Bwaloni hali ilikuwa mbaya zaidi. Wanafunzi walikula wali wakasukuma maharage pembeni. Yalikuwa machungu, maharage yale, tena uchungu wa kubaki ulimini. Kijana mmoja alisimama juu ya benchi akawasalimia wadudu waliokuwa wakielea kwenye mchuzi, akawauliza wako kidato gani. Matroni wa bweni la wasichana hakucheka. Aliwaona watoto wakisinzia kwenye vipindi vya asubuhi, wawili wakaanguka paredi, akamwandikia Mkuu. Wazazi nao wakaanza kupiga simu.

Mkuu wa shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kupenda karatasi. Akaamua kuziba midomo kitaalamu: akachukua kopo moja la maharage ya ghalani na kopo jingine la sampuli, maana Bi Kiwiko kila mzigo ukifika alijaza kopo moja na kulifunga kabisa kwa nta. Yote mawili yakapelekwa maabara. Kwenye fomu kulikuwa na vipimo vingi vya kuchagua, na Mkuu akaweka tiki kwenye kimoja tu, protini, kwa kuwa ndilo neno alilolijua.

Majibu yakaja. Maharage safi ya kwenye kopo, protini ishirini na tatu kwa mia. Maharage ya ghalani, yaliyotobolewa, ishirini na saba.

Mkuu alisoma mara tatu, akavaa koti, akapiga kengele ya dharura. "Kwa kifupi," aliwaambia wanafunzi mia nne waliosimama juani, na baada ya dakika arobaini walikuwa wameelewa kwamba maharage yao ni bora kuliko ya shule nyingine yoyote, kwamba wadudu wameyaongezea nguvu, na kwamba anayeyasukuma pembeni anasukuma akili zake mwenyewe. Kisha akaenda ghalani kumpongeza Bi Kiwiko. Akamwambia hata ule mzigo ujao hana haja ya kuuhangaikia sana. Wadudu waachwe wafanye kazi.

Bi Kiwiko alipokea pongezi. Ukweli ni kwamba alifurahi. Karatasi yenye muhuri ilikuwa imemsafisha. Cheti kingekuja, jina lingebaki, na yale magunia matatu kule nyuma yangezikwa kimyakimya siku akishaondoka. Lakini jioni, alipokuwa akifunga mlango, akaona unga ule wa kijivu umejaa kwenye mikunjo ya kiganja chake, na akajiuliza swali la kipuuzi kabisa: kama hawa wamekula ndani ya punje mpaka zimebaki maganda, hiyo protini imetoka wapi? Wameileta kutoka kwao?

Jumapili akaenda kwa binti yake na karatasi ndani ya pochi. Mkwewe alikuwa fundi wa maabara hospitalini, kijana mpole, mrefu, ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kupima vile watu wanavyopeleka kwenye vikopo huku wakiangalia pembeni. Mbele ya mama mkwe lakini aliishi kama yuko kanisani. Hakuwahi hata kupiga chafya alipokuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu nisomee hii. Hii protini imeongezeka vipi?"

Mkwe akaisoma. Akatabasamu, halafu tabasamu likakatika ghafla kwa sababu alikuwa ameliona jibu na ameona pia ni nani atakayempa.

"Mama, mashine ile haipimi protini yenyewe. Inapima naitrojeni. Wakishaipata wanaizidisha, wanasema basi protini ni kiasi hiki. Sasa naitrojeni... ipo pia kwenye vitu vingine."

"Vitu gani?"

"Miili ya wadudu wenyewe. Magamba yao."

"Hao wachache. Na nini tena?"

Kijana akaangalia dari. "Na yale... mabaki yao."

"Mabaki ya nini, baba?"

"Ya shughuli zao za... kila siku."

"Shughuli gani? Fukusi ana shughuli gani?"

Jasho likamtoka. Mtu aliyekuwa akisema maneno yale mara sitini kwa siku, kwa wazee na mashehe na wachungaji, mbele ya mama mkwe hakuweza kulitoa hata moja. Akajaribu "takamwili". Akajaribu "kile ambacho mwili umekikataa". Bi Kiwiko akazidi kumkazia macho, mpaka binti yake aliyekuwa chumbani akibadilisha nepi akachoka kusikiliza.

"Mama! Mikojo! Mikojo na mavi ya wadudu! Ndiyo hiyo protini!"

Mkwe akainamisha kichwa kama aliyeyafanya yeye.

"Ni kweli, mama," alisema kwa sauti ndogo. Na kwa kuwa maneno mazito yalikwisha semwa na mwingine, ulimi ukamlegea. Akaeleza kwamba fukusi hula kwanza wanga, ule ndio uliokuwa chakula cha kutia nguvu. Vitamini nazo hupungua. Protini halisi inayobaki mwili unaisaga kwa shida, na mafuta kidogo yaliyomo yanachacha, ndiyo yale machungu. "Mtoto anaweza kula sahani nzima, mama, tumbo likajaa, na mwili ukabaki unasubiri chakula. Karatasi inasema ishirini na saba. Mwili hausomi karatasi."

Binti akatoka na kichanga, akamweka mapajani mwa bibi yake. Bi Kiwiko alimshika yule mtoto, akampima uzito kwa mikono kama alivyozoea kupima kila kitu, na aibu ikampanda. Wale wawili walioanguka paredi walikuwa watoto wa watu. Wenyewe wamewaleta pale na masanduku yao, wakiamini kuna mtu mzima ghalani.

"Hakuna atakayejua, mama," alisema mkwe, akidhani anafariji. "Majibu yapo upande wako. Na umebakiza siku chache tu."

"Kumi na nne," alisema Bi Kiwiko.

Bodi ilikuja Alhamisi. Mkuu alikuwa ameagiza wageni wapakuliwe sufuria moja na wanafunzi, ili waione sayansi kwa midomo yao. Bwalo lilijaa. Mezani kwa wageni alikaa mwenyekiti, mama mwembamba aliyekuwa mkunga kabla ya kustaafu, na wajumbe watano, na cheti chenye fremu kimeegemezwa kwenye jagi la maji. Mkuu alisimama akaanza kwa kifupi. Alipofika kwenye ishirini na saba kwa mia, wajumbe waliitikia kwa vichwa, wakitafuna kwa juhudi. Mmoja alikuwa ameomba aongezwe.

Kisha akaitwa mwenye siku yake.

Bi Kiwiko alikuwa ameandaa maneno tangu Jumapili, maneno ya adabu, yenye "naomba radhi" na "kwa heshima kubwa". Aliposimama yakapotea yote.

"Mwenyekiti, hiyo protini iliyozidi ni mikojo."

Mwenyekiti akaacha kutafuna. "Mikojo ya nani?"

"Ya fukusi. Na mavi yao. Mkwe wangu yuko maabara, ameshindwa kunitamkia, lakini ndivyo ilivyo. Wamekula kilichokuwa chakula, wakatuachia walichokuwa nacho wao. Mashine imehesabu vyote."

Yule mjumbe aliyeongezwa akashusha kijiko taratibu. Kwa wanafunzi kicheko kilianzia nyuma, kikaja kama mvua ya mabati, na Mkuu akawa anasema "kwa kifupi, kwa kifupi" bila mtu wa kumsikiliza. Mpishi alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mwiko umemning'inia mkononi. Bi Kiwiko alisubiri mpaka bwalo likatulia. Kicheko kilikuwa rahisi kukivumilia kuliko alichobakiza kusema.

"Na wadudu hawakuja na lori. Niliyapima magunia yale mwenyewe, yalikuwa mazima. Nyuma yake kulikuwa na magunia matatu yaliyooza, nikayaficha. Nilijua. Sikutaka mpishi anicheke, na nilikitaka hicho cheti."

"Miezi mitatu?" aliuliza mwenyekiti. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyewapokea watoto wengi duniani na hakupenda wachezewe. "Watoto mia nne wamekaa hapa miezi mitatu. Walikuwa wanakula nini?"

Bi Kiwiko aliwatazama wanafunzi, wale wa mbele waliokuwa bado wanajifuta machozi ya kucheka.

"Walikuwa wanakula sifa zangu, mama."

Cheti kilirudi kilikotoka, kimefunikwa gazeti. Hakuna aliyemfukuza, kwa sababu mwenyekiti alisema mtu anayelijua tatizo kiasi kile amalizie kulisafisha. Kwa hiyo siku zake kumi za mwisho alizipitisha uani juu ya turubai, akimwaga gunia baada ya gunia, na mpishi aliyabeba yale mabovu mbele ya dirisha lake mwenyewe la jikoni mpaka shimoni, mzigo wa tano, wa kumi, wa ishirini, bila hata tusi moja. Kati ya magunia yaliyokuwa yamebaki waliokoa tisa. Yakaanikwa, yakachekechwa, yakaanikwa tena, yakalala chumba cha peke yake. Mengine yaliletwa mapya.

Siku ya mwisho alikabidhi ufunguo kwa mlinzi, mpaka apatikane mtu, akachukua mfuko wake na kukata kona ya bwalo kuelekea getini. Ilikuwa saa saba mchana. Hakukuwa na wimbo wala mstari wa kumuaga. Mpishi alimkuta amesimama dirishani, anaangalia ndani. Wanafunzi walikuwa wameinamia sahani. Msichana mmoja kati ya wale walioanguka paredi alikuwa anapangusa mchuzi kwa kidole, kisha akaenda kupanga foleni tena.

"Watovu wa adabu hawa," alisema mpishi. "Ngoja niwapigie kengele watoke, dada, wakuage."

Bi Kiwiko akamshika mkono.

"Usiwaite," alisema. "Hawajashiba bado."